Ngamia Kwanza, Mguu Baadaye

Hodan mjukuu wangu,

Assalamu alaikum. Huku Habaswein mvua imenyesha, mbuzi wameshiba, na babu yako bado anagombana na redio. Unauliza ujaze fomu ya masomo ya maabara au ya uuguzi, na mwisho ni Ijumaa.

Nilipokuwa msichana nilijaribu kazi zote mbili kwenye zahanati. Maabara niliipenda kwa utulivu wake. Siku yangu ya kwanza upande wa uuguzi, kuwapokea wagonjwa, aliingia mzee mfugaji. Nikamuuliza, "Unaumwa wapi?"

"Siumwi," akajibu, akageuka aondoke.

Muuguzi aliyekuwa akinifundisha akacheka. "Wewe msichana, hata salamu? Mzee, ngamia wazima? Mvua imefika kwenu?"

Mzee akaketi, akaeleza habari za ngamia mmoja mmoja, hadi yule aliyekaribia kuzaa. Ndipo akafunua mguu uliovimba kama kiriba. "Na huu nao unasumbua kidogo."

Siku aliyoambiwa arudi kufungwa bandeji mpya, niliwahi mlangoni kabla ya muuguzi. Nilitaka kujua ngamia amezaa nini. Maabara sikurudi tena.

Kabla ya Ijumaa, Hodan, jiulize ni mlango upi ungeuwahi.

Akuombeaye kila swala,
Ayeeyo wako