Kilowati Tisa

Jumanne, 3 Juni

Imeamuliwa. Tunajenga sauna. Mimi nimeambiwa tu, sikuulizwa.

Daktari alimwambia Mama – mama mkwe wangu, tunaishi naye humu ndani – kwamba magoti yake yanapenda joto. Nadhani daktari alikuwa anafikiria chupa ya maji ya moto. Bahati mbaya Shemeji alikuwapo kliniki. Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi umeme, na hajawahi kukutana na tatizo dogo. Aliwahi kufunga nyaya kwenye hoteli yenye sauna. Basi stoo yetu ya nyuma, iliyokuwa jiko enzi za mwenye nyumba wa kwanza, itakuwa sauna. Kazi ya umeme bure, mwana kwa mama yake.

Na nani atapinga? Tangu mazishi ya baba yao, Shemeji na Mama walikuwa hawasemezani. Miaka! Mke wangu amelia kwa ajili hiyo mpaka nikazoea mto wenye unyevu. Leo wawili hao walikaa kochi moja wakichora vipimo, Mama ameshika ncha ya futi kamba, anacheka. Nilipofungua mdomo, mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mimi naogopa moto. Mwokaji mikate anayeogopa moto! Kazini wananicheka mpaka wanashika mbavu. Lakini sijaungua hata ukucha. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nami mbawa zangu zote ninazo.

Alhamisi, 5 Juni

Tulikwenda dukani kuchagua hita, Shemeji na mimi. Mimi kama mpagazi.

Muuzaji ni mtu mpole, anaongea taratibu kama anayepima dawa. Akauliza ukubwa wa chumba. Mita mbili kwa moja na nusu, kimo mbili. Ujazo sita. Akasema hesabu ya kawaida ni kilowati moja kwa kila mita ya ujazo, basi sita zinatosha, mradi kuta zote ziwe za mbao na zimezuiwa vizuri kupoteza joto. Kukiwa na kioo au ukuta mtupu wa matofali, hapo unaongeza. Hita ndogo mno haitafikisha joto. Kubwa mno itachoma hewa kabla mawe hayajapata moto.

Hilo nalijua. Tanuri kali kwa mkate mdogo – nje mkaa, ndani unga mbichi.

Nikauliza, je, waya wetu wa zamani, ule wa jiko? Muuzaji akasema kwa sita pengine utavumilia, fundi aupime kwanza. Zaidi ya hapo, waya mpya mnene, peke yake, moja kwa moja kutoka kwenye boksi la umeme. Shemeji akatabasamu. Kwenye gari akaniambia, “Bwana Tahadhari, yule anatafuta kuuza waya.”

Bwana Tahadhari ndiye mimi. Jina limeshika, hata Mama analitumia.

Tumenunua ya sita. Nimelala mchana wa leo bila kushtuka.

Jumamosi, 7 Juni

Mlango wa mbao umekataliwa. Mama alikuja kukagua kazi, akaingia, seremala akamfungia kidogo ili aone – lo! Alipiga kelele nyumba nzima. “Sifungiwi kwenye sanduku mimi, bado ningali hai!”

Shemeji akasema mlango wa kioo, Mama atuone nasi tumwone. Mlango mzima na kipande cha ukuta. Chozi la Mama halikuwa limekauka, kioo kimeshaagizwa.

Nikasema kwa upole kwamba kioo kinabadilisha hesabu ya hita. Nikasema mara moja tu.  Kisha mke wangu akauliza nani anataka chai.

Nyumba hii inaendeshwa kwa funika kombe mwanaharamu apite. Na mimi ndiye mfunikaji mkuu.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya kwanza ya joto. Hita iliwashwa asubuhi. Mpaka alasiri kipimajoto kimeganda kwenye hamsini, mawe yamewaka wee, kioo kinatoa jasho. Mama aliingia na shuka, akatoka akaomba sweta. “Humu hata kuku haatamii.”

Kila mtu alicheka, ila Shemeji. Niliona shingo yake imeinama. Mtu mkubwa, kazi ya mama yake, imemshinda mbele ya dada yake – nilimhurumia kweli. Na hapo hapo nikaingiwa na hofu. Huyu hatakubali kushindwa na kioo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi kutoka kazini, hita ya sita haipo. Iko tisa. Kubwa, inang'aa, imekaa ukutani kama mgeni aliyekuja na mizigo yote.

Nilimuuliza Shemeji kuhusu waya. Nilijikaza, nikamuuliza mbele ya watu. Akaniwekea mkono begani, akasema kwa upendo kabisa, “Shemeji, mimi nikufundishe kukanda unga?”

Wakacheka. Na mimi nikacheka. 

Jumamosi, 14 Juni

Breka – ile swichi ya kwenye boksi inayojikata umeme ukizidi – imekatika. Wakairudisha. Ikakatika. Wakazima friji na pasi. Ikakatika!

Shemeji akasema breka imezeeka. Akaenda kwenye gari lake, akaja na nyingine, kubwa zaidi. Haikukatika tena.

Joto likapanda themanini. Mama akamwagia mawe maji, mvuke ukapaa, na kutoka nyuma ya kioo tukamsikia anaimba! Mke wangu akanishika mkono, machozi yanamtoka. Shemeji akageuka, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Sote tukapiga makofi. Nami nikapiga. Jamani, ningefanya nini?

Jumatatu, 16 Juni

Nimemsimulia fundi anayekuja kutengeneza matanuri yetu kazini. Nimesema ni nyumba ya jirani. Aliacha kutafuna.

Akaniambia breka haikuzeeka, ilikuwa inafanya kazi yake. Inakatika ili waya usipate moto. Ukiinyamazisha breka, waya ndio utakaosema. Akauliza nyumba ya huyo jirani kuta zake ni za nini.

Za mbao, nikasema. Mbao huku, mbao kule, katikati maranda. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa seremala, alijaza kuta kwa mabaki ya randa yake ili kuzuia baridi.

Akanitazama. “Mwambie jirani yako nitakuja leo, sitaki hata nauli.”

Jumanne, 17 Juni

Mke wangu amekataa. Hakupandisha sauti, na ndiyo mbaya zaidi. Kwamba nitamletea kaka yake fundi wa nje aje kumkagua, ndani ya nyumba anayolala mama yake? Kwamba ataondoka na hatarudi, na safari hii Mama hana umri wa kumngoja tena?

Nikasema, basi nimwambie mwenyewe. Akasema nimeshamwambia, akajibu.

“Wewe unaogopa kila kitu,” akasema. “Ulimwogopa hata paka tuliyepewa.”

Paka yule alikuwa na kichaa. Lakini hilo siyo hoja. Nimebaki najiuliza: mtu aliyeogopa vyote, siku akiogopa kweli, nani atamsadiki? Hata mimi mwenyewe najitilia shaka. Pengine ni paka tena.

Alhamisi, 19 Juni

Mama amelala usingizi mzuri. Magoti mepesi. Sauna sasa ni kila siku, na baada ya zamu yake huiacha inawaka “isipoe bure”, anakwenda kujilaza.

Leo aliniita nimsaidie kusogeza kitanda. Kilikuwa dirishani, anataka kiegemee ukuta wa upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini.

“Ukuta huu una huruma, mwanangu. Nikiuegemea kwa mgongo, joto linaingia taratibu, kama kuna mtu nyuma yangu.”

Nikasema ni joto la sauna linapita. Akasema ndiyo, mwanawe ni fundi hodari.

Nikasogeza kitanda. Nimekisogeza mimi, kwa mikono hii.

Ijumaa, 20 Juni

Sauna iko nyuma kabisa ya nyumba! Kati yake na chumba cha Mama kuna bafu na ushoroba. Ukuta wa bafu ni baridi kama chuma, nimeushika wote. Joto gani linaruka bafu likatue kitandani kwa Mama?

Nimekumbuka nikiwa kazini, nimeshika sinia. Waya wa lile jiko la zamani. Unatoka kwenye boksi pale mbele, unapita ndani ya ukuta wa Mama, usawa wa mto.

Nilirudi nikaingia chumbani mwake yeye akiwa saunani. Nikaweka mgongo wa mkono – tanuri tunalipima kwa mgongo wa mkono, kiganja kimekufa ganzi kwa kazi. Kuna mstari wa joto. Mwembamba, umenyooka, toka kona hadi kona. Juu yake baridi, chini yake baridi.

Nikamwita mke wangu. Akaweka kiganja, akasema vuguvugu tu. Akaondoka. Lakini mlangoni aligeuka kutazama.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwomba Mama arudishe kitanda dirishani. Amekataa. Nimesingizia kunguni. Amekasirika, tangu lini yeye ana kunguni?

Nimempigia Shemeji. Nimesema, njoo ushike ukuta, tafadhali, kama ndugu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kesho anakuja na mkewe kula na kuota joto. Na kwamba kama sitaki aje hapa, niseme waziwazi kama mwanamume, nisijifiche nyuma ya waya.

 Nimejaza maji ndoo mbili, nimeziweka nje ya mlango wa Mama. Mke wangu ameziangalia kama matusi yaliyoandikwa ukutani.

Jumapili, 22 Juni

Naandika ili mikono itulie. Nimekaa kitandani kwa Mama. Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea.

Walikuja. Walikula. Hita iliwashwa asubuhi na haikupumzika, watu wanaingia kwa zamu. Mama aliingia wa kwanza, akatoka mwekundu, ana furaha, akaja kulala hapa. Baadaye nilimletea maji. Amelala, mgongo umeegemea mbao, mdomo wazi.

Nikaweka mgongo wa mkono ukutani, juu ya kichwa chake. Sikuweza kuuacha pale. Niliungua! Mimi, ambaye sijawahi.

Na harufu. Tanuri letu likiunguza mkate naijua harufu yake hata usingizini. Hii haikuwa mkate, ilikuwa mbao.

Nikaenda kwenye boksi, nikashusha swichi kuu. Nyumba nzima ikanyamaza, friji, redio, vyote. Kisha Shemeji akatoka na taulo kiunoni, anavuja jasho, anauliza nani amezima. Nikasema mimi. Akasema niwashe. Nikasema siwashi.

Siwashi! Tangu nioe sijawahi kumjibu mtu wa ukoo huu neno hilo. 

Nikamwinua Mama nikampeleka sebuleni. Yeye analia, “Mmeanza tena, mmeanza tena.” Shemeji akapita kwenda kuvaa, akasema hii nyumba hataikanyaga, na safari hii wasimtafute. Mke wangu amesimama kati yetu. Ameniambia nikawashe umeme, nimwombe radhi kaka yake, mambo yaishe. Akaniambia, “Kwa ajili yangu.”

Nikamwambia nakwenda kupima ukuta kwanza. Ukiwa umepoa, nitaomba radhi kwa magoti. Nimeahidi, mbele ya wote.

Tanuri likizimwa, hupoa kuanzia nje. Ni jambo la haraka, unahisi kila unapogusa.

Nimegusa. Bado.

Nimefungua dirisha. Nimeleta ndoo zote mbili ndani. Mkewe Shemeji anakusanya vyombo vyake jikoni, navisikia. Gari lao bado halijawashwa.

Nimegusa tena. Umeme umezimwa. Hakuna kitu humo ndani cha kutoa joto, hakuna, ila maranda. Mstari haupo tena. Sasa ni eneo pana kama sinia.

Mungu wangu, nilitaka sana niwe nimekosea. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi.

Mlango umefunguliwa. Ni Shemeji, amevaa shati, funguo za gari mkononi, amekuja kumchukulia Mama shali yake. Hanitazami. Shali iko kitandani, amenyoosha mkono kuifikia, bega limegusa ukuta.

Amesimama.

Ameweka kiganja. Ameweka na kingine, juu, karibu na dari. Funguo zimeanguka, hajaziokota.

“Shemeji,” ananiambia, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, “nyundo mnaweka wapi?”