Asante ya Mara Ile

Dada Solfrid,

Sisi wazima, na kondoo wameanza kuzaa. Ila leo nina habari ya baba. Si unajua Krismasi alivyosusa chakula, eti hawezi kula meza moja na mkwe wangu Zofia kwa kuwa katoka Poland? Basi jana Zofia kaja, kampa mkono, akasema kwa Kinorwe safi, “Takk for sist!” Asante kwa mara ile tulipoonana.

Baba akaiva uso.

“Mara ile? Si nilikutukana, we binti!”

“Najua, babu. Lakini si ndivyo mnavyosalimiana?”

Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Nisamehe. Njoo ukae karibu nami, mjukuu wangu.”

Mjukuu, dada! Kamwita mjukuu!

Mdogo wako mwenye furaha,
Gudveig