Dada Aliniuliza kwa Kuwa Mimi ni Mshauri

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, ingawa naona haya kukuita hivyo maana na mimi ni mshauri, ila wa makampuni, naingia ofisi za watu na laptop nawaambia idara ipi ibaki na ipi ifungwe, na sasa benki moja ya uwekezaji, inayosimamia kampuni zikiuzwa na kununuliwa, imenipa nafasi na inataka jibu Ijumaa, mshahara mnono, usingizi hakuna, lakini kinachonivuta ni kwamba huko hakuna atakayeniita mshauri. Mama aliposikia jina la kazi yangu aliwatangazia ndugu wote kwamba nasuluhisha ndoa, tukacheka, nami sikumsahihisha. Mwaka jana dada yangu mkubwa, aliyenilea, alikuja kwangu akaniambia yeye na shemeji hawaongei tena, afanyeje, nami nilikuwa nakimbizana na ripoti, macho kwenye kioo cha laptop, nikamjibu kama ninavyowajibu wateja: "Kisicholeta faida kinafungwa, dada." Akafungasha, akarudi kwa mama. Shemeji alikuja mara tatu kumbembeleza, dada akakataa, na sasa bwana yule ameoa kwingine. Juzi nilimsikia dada akimwambia jirani, "Mdogo wangu amesomea mambo haya, hawezi kunipotosha." Najuta sana. Niende benki au nibaki?

JIBU

Pole, mdogo wangu, lakini pole yangu ni fupi. Unauliza habari za kazi wakati unamkimbia dada yako. Benki utavaa suti nzuri zaidi, na huko pia ukijibu watu bila kuinua macho utawaumiza. Kazi zote mbili ni halali. Wala usijipe ukubwa kwamba ndoa ile ilivunjwa na sentensi yako moja. Huenda dada alikuja ameshaamua, huenda alitaka tu umwambie avumilie. Hujui, kwa sababu hukumuuliza hata swali moja. Kampuni ya watu unaichunguza wiki sita, dada yako hukumpa dakika sita.

Majuto ni mjukuu, na wako ameshazaliwa, mlee. Benki waombe wiki mbili zaidi. Wakikataa, waache, kazi ya kujifichia haimfai mtu. Jumamosi nenda kwa mama, laptop ibaki nyumbani. Mwambie dada, mama akisikia: "Sikusomea ndoa. Nilikujibu bila kukusikiliza." Atalia, au atakufukuza, na ana haki. Shemeji harudi, kwa hiyo usiahidi kitu. Muulize tu siku ile alitaka kusema nini, kisha unyamaze mpaka amalize.