Dawa ya Bega na Taa ya Juu ya Cherehani

Mshauri mpendwa,

Mimi nina miaka themanini na mmoja, mabosi wangu wote nimewazika, nguzo za miti nilizosimamisha nikiwa kijana zimeoza zikang'olewa, na mama watoto naye amenitangulia, mimi bado nipo, na umeme haujawahi kunitupa chini kwa sababu unanijua, waya nilikuwa naupima kwa mgongo wa kiganja hivi, wenzangu wameshika vichwa. Sasa bega la kulia limekauka, mkono hauvuki kidevu, vidonge vikanichoma tumbo, ndipo mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye kazi yake ni kunyoosha viungo vya wagonjwa, akaleta kijisanduku cha betri chenye nyaya mbili na pedi mbili, moja imelowa dawa, akasema, "Baba, umeme utaisukuma dawa ipite kwenye ngozi mpaka huko ndani kwenye kano, vidonge vinafika kwa shida." Nikacheka, umeme nifundishwe mimi? Nikaona kafunga waya mweusi kwenye pedi ya dawa, na kila fundi anajua moto uko kwenye mwekundu, basi akienda jikoni mimi nageuza, akirudi nimesharudisha, namsitiri asione aibu. Bega halijasogea. Sasa anasema dawa imeshindwa, nikapasuliwe.

Mimi sitaki kisu, nataka kubadilisha taa. Ile ya juu ya cherehani ya mama watoto imeungua na sitaki mtu aiguse, kazi ile ilikuwa yetu, mimi napanda kiti, yeye anakishikilia, pini mdomoni, ananiambia, "Shuka wewe mzee, nguo za watu zinanisubiri," na mimi nachelewa kushuka makusudi. Naona betri ile ni nguvu ya tochi tu, nataka niitoe nichomeke nyaya ukutani, dawa isukumwe kweli. Mwambie mkwe aniruhusu, wewe atakusikia. Ukidhani najisifu muulize Kipara, niliyepanda naye nguzo maisha yote, namba yake hii hapa chini, yeye ndiye shahidi wangu.

Fundi Mkuu Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa bega, na pole zaidi kwa mwenzako. Lakini ukutani usichomeke kitu. Umeme ule utausimamisha moyo wako kabla dawa haijafika popote.

Nimemuuliza daktari. Dawa yako ina chaji hasi, na chaji zinazofanana hufukuzana, kwa hiyo ni waya mweusi, wa upande hasi, unaoisukuma iingie mwilini. Mwekundu wako ulikuwa unaivuta ibaki kwenye pedi. Mkwe wako alifunga sawasawa. Dawa haikushindwa, haijaingia bado, na wewe unakaribia kupasuliwa bure kwa ubishi wako.

Mwambie ukweli leo, kabla hajakupeleka kwa mpasuaji. Akienda jikoni, hiyo mikono ikalie.

Kipara nimempigia. Amethibitisha nguzo, amethibitisha mgongo wa kiganja, amecheka mpaka akakohoa. Nilipomtajia ile taa akasema, "Kila mara jamaa yangu huyo alipokwenda kuchukua kiti, shemeji, mkewe, alikuwa anapita mlangoni anazima swichi kubwa ya nyumba. Alinikataza nisimwambie, eti atanuna."

Bega likipona, panda kiti chako. Mkwe akishikilie, na akitaka kuzima swichi kwanza, jifanye hujaona.