Rangi ya Kijani Mbele ya Fundi Viatu

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea, nakusihi: barua hii isome ukiwa peke yako, na neno lake lolote lisikutoke, hata kwa shemeji. Natumaini hujambo na kifua kimeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia. Tuko mji mmoja, lakini nakuandikia kwa kuwa pale barazani, kwenye cherehani yako, hakuna la siri.

Najua umeninunia. Tangu sisi makarani wa jiji tulipopita na ndoo ya rangi kwenye barabara yenu ya maduka, hupokei simu yangu. Nimesikia ulivyowaambia wenzako: damu nzito kuliko maji, ila ya mdogo wako imechujwa ikawa chai ya rangi. Nilicheka, kisha chakula kikanishinda.

Mnajua kwamba magari yataondolewa, barabara ibaki ya waenda kwa miguu, yenye miti na mabenchi. Mmezoea alama nyekundu ukutani, ile ya kubomolewa. Mlipotuona tukipaka kijani chini, mkasema hiyo ndiyo ruhusa ya kubaki. Watu wakatuvuta mikono wapakiwe na wao, na wewe ukaona nimekuruka. Mkuu wetu akatukataza kuwasahihisha. Alisema mwenye furaha hafanyi fujo, tuwaache mpaka wachimbaji wafike.

Dada, kijani ni shimo. Kila penye alama utapandwa mti, na aliyekaa hapo ataondolewa. Wasio na alama ndio wanaobaki.

Jirani yako fundi viatu anafagia alama yake kila asubuhi na kuwakemea wateja wasiikanyage. Jana alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwanangu, akanituliza kwamba utapoa tu, dada hamnunii mdogo wake milele. Akasema wakikufukuza atakumegea upande wake, cherehani haili nafasi. Nilimwitikia ahsante.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Kwenye ramani, mti wa pale kwa fundi viatu ni wako. Mwenzangu alikuwa anasoma vipimo, mimi nimeshika brashi. Nikaiona cherehani yako, nikasogea kidogo, nikapaka kwa fundi. Sikukusudia kumdhuru. Nilikufikiria wewe tu.

Wachimbaji wanaanza Jumatatu. Nikisema ofisini, kibarua changu kitaota nyasi na mti utarudi kwako. Nikinyamaza, ataondoka yeye huku akinishukuru. Kunyamaza nimejaribu, nimeshindwa.

Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu za kawaida tu, asishtuke.

Usinipigie ofisini wala usimtume mtu. Jumamosi mchana nitakuwa kwenye benchi nje ya maktaba, upande wa geti dogo. Njoo na fundi viatu. Usimwambie ni la nini, nitamwambia mwenyewe. Ukija peke yako nitajua umechagua nini, na sitakulaumu.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea