Khanga ya Mama Iko Kambani

Mama Fotunata,

Chai imo kwenye chupa. Mboga nimechambua. Mama yako amefika kutoka Matombo ukiwa bombani, mpe maji ya kuoga.

Adelina asichapwe. Mtoto aliona moshi juu ya choo, akadhani kunaungua, akamwaga ndoo nzima. Nikatoka nimelowa, sigara mkononi, na mkwe wangu kasimama pale na ndizi zake kichwani. Mbele yake, siku ya arobaini ya baba yako, ndipo nilipoapa kwamba nimeacha. Nilisema kansa ya koo imetosha kwenye ukoo huu.

Alitua ndizi zake chini. Alinivulia khanga yake ya juu nijifute. Ndiyo maana nimekimbilia kazini bila kunywa chai.

Sigara zilizobaki zimo kwenye koti langu la mitumba, ni zile za nje zilizojaa kwenye vioski siku hizi. ~~Niachie mbili.~~ Zitumbukize chooni zote.

Khanga nimeifua. Inuse kabla hujamrudishia, na ikinuka sigara ifue tena. Harufu hiyo alilala nayo mpaka anamzika mzee. Asiipate tena kwangu.

Baba Fotunata