Kumi Zikitimia, Funga Mzigo

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Ishirini na saba jumlisha kumi na tano. Nusu ya darasa la pili wameandika 312! Saba na tano wamepata kumi na mbili, wakaiandika yote, kisha wakaweka tatu mbele. Hakuna aliyeshtuka. Nikamwuliza Amon: una machungwa ishirini na saba, mama akikuongezea kumi na tano, utakuwa na mia tatu? Akacheka. Hayo ni machungwa, mwalimu, anasema. Hizi ni hesabu!

Jioni nimekatakata mabua ya mtama. Tyubu kuukuu ya baiskeli nimeigeuza vipira vya kufungia. Vidole vinawaka.

Jumanne, 23 Septemba

Nimegawa mabua. Nikasema kila mabua kumi ni fungu, fungu la kumi. Amon akadakia: "Hilo la kanisani, mwalimu!" Darasa zima kicheko. Basi, si fungu tena — ni mzigo. Kumi zikitimia, funga mzigo.

Sakafuni nimechora vyumba viwili kwa chaki. Kushoto mizigo, kulia mabua yasiyofungwa. Saba na tano, kumi na mbili. Funga mzigo, uhamishie kushoto, yanabaki mawili. Mizigo minne na mabua mawili. Arobaini na mbili! Jilala kashika kichwa: kumbe ile moja tunayobeba ni mzigo! Ndiyo. Siku zote tunabeba moja bila kuuliza moja ya nini.

Na Mwanne kapata zote. Mwanne! Binti ambaye kila siku daftari lake ni mikasi mitupu ya kalamu nyekundu. Leo maswali niliyasoma kwa sauti. Anafumba macho, anahesabu kwa kupapasa.

Jumatano, 24 Septemba

Mwalimu Mkuu, Mzee Benjamini, alichungulia dirishani. Baadaye kaniita ofisini. Mabua ni ya chekechea, akasema. Na yule Mwanne arudi darasa la kwanza, anatushushia wastani. Nikamwambia jana kapata zote. Akasema mtihani hauna mabua.

Kweli hauna. Nimeomba nipewe hadi wiki ijayo. Kakubali, shingo upande.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo maswali ubaoni. 38 + 26. Mwanne kapanga mizigo mitatu na mabua matatu, kaongeza ishirini na sita, kapata hamsini na tisa. Mbona hivi? "Si ndivyo ilivyoandikwa, mwalimu? Thelathini na tatu."

Nikamshika mkono hadi ubaoni. Alisogea mpaka pua ikakaribia chaki. "Aa. Nane."

Akarudi chini. Hakuvuruga, hakuanza upya. Kaongeza mabua matano palepale, kafunga mzigo, kausukuma kushoto. Sitini na nne.

Nilikaa. Hesabu anazijua huyu. Haoni ubao!

Ijumaa, 26 Septemba

Nimepita Ng'ambo kwa Mama Mwanne. Anashona nguo barazani. Kanipa kigoda, kanisikiliza, kisha kacheka. "Macho? Mwalimu, huyu ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano!"

Nikaeleza: ya karibu anaona, ya mbali hapana, apelekwe hospitali akapimwe. Akawa anakanyaga cherehani tu. Baadaye, polepole: mtoto wa kike na miwani, wenzake watamwitaje?

"Sasa hivi wanamwita mjinga," nikasema.

Cherehani ikasimama. Nimeondoka najuta. Neno lilikuwa kali mno.

Jumatatu, 29 Septemba

Mama Mwanne alikuwa getini kabla ya paredi, kajifunga kitenge cha kutokea. Twende huko hospitali, akasema, ila tufuatane, mwalimu, maneno ya madaktari yatanipita. Mzee Benjamini kaguna, karuhusu.

Naandika nikiwa benchini, nje ya chumba cha macho.

Daktari ni mama mpole. Alianza kwa kumziba Mwanne jicho la kushoto. Herufi za juu kasoma, za chini zikamshinda. Miwani, nikawaza. Nikaanza hata kufurahi. Kisha akamziba la kulia.

"Soma, mwanangu."

Mwanne akapepesa jicho.

"Soma chochote unachokiona."

Mwanne akanigeukia. "Mwalimu, mbona wamezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka. Daktari akachukua kurunzi, akamulika jicho la kushoto, akamulika tena. Akauliza kama mtoto aliwahi kuumia. Mama Mwanne akatikisa kichwa tu, akisokota pindo la kitenge. Tukaambiwa tusubiri nje, anaitwa daktari mkubwa.

Mwanne kakaa katikati yetu. Anauliza kama tutawahi kipindi cha hesabu. Nimesema labda. Mama yake anamziba jicho la kulia kwa kiganja, anaondoa, anaziba tena. Mwanne anacheka, anadhani ni mchezo.

Mlango unafunguliwa, tunaitwa. Naacha hapa.